Mfumo wa Faili: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandaa Diski ya Kompyuta

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anafika katika duka la huduma za uchapaji akiwa na flashi ya GB 32. Anaomba anakiliwe video ya mkutano mkuu wa chama chake cha ushirika, yenye ukubwa wa GB 6. Faili zilizomo ndani ya flashi hazifikii robo ya nafasi yake, lakini kompyuta inakataa kunakili na kutoa ujumbe kwamba faili ni kubwa mno. Mhudumu anasema flashi imeharibika, mwenye flashi anahisi kompyuta ina virusi, na shauri linaishia kwa kununua flashi nyingine, ambayo nayo inakataa vilevile.

Hakuna kilichoharibika. Flashi hiyo imeandaliwa kwa mfumo wa faili uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja yenye ukubwa wa GB 4 au zaidi, hata kama nafasi tupu iliyobaki ni kubwa mara nyingi kuliko hapo. Dawa yake ni ya dakika chache na haina gharama: kuhamisha vilivyomo, kuiandaa flashi upya kwa mfumo mwingine, kisha kuvirejesha. Makala haya yanaeleza mifumo hiyo, tofauti zake na namna ya kuchagua, kwa ajili ya mwananchi mwenye flashi moja na vilevile kwa mtumishi aliyekabidhiwa seva ya ofisi.

Masijala ya diski

Mtu aliyewahi kufanya kazi katika masijala ataelewa jambo hili bila taabu. Majalada hupangwa rafuni, na kando yake kuna rejista inayoonyesha kila jalada limepewa namba gani, liko rafu ipi, nani ameliazima na lini. Rejista ikipotea, majalada yangalipo, ila hayapatikani. Diski ya kompyuta nayo ni rafu zenye mamilioni ya visanduku vidogo visivyo na majina, na mfumo wa faili ndio rejista yake. Huo ndio unaoijulisha kompyuta kwamba barua fulani inaanzia kisanduku hiki na kuendelea katika kile, ina jina hili, ilibadilishwa tarehe hii, na inaruhusiwa kusomwa na watu hawa.

Kuandaa diski kwa mfumo wa faili, kitendo ambacho mafundi hukiita kufomati, ni kufungua rejista mpya na kuitupa ya zamani. Kwa sababu hiyo uchaguzi unapaswa kufanywa siku diski inaponunuliwa, kabla haijawekwa chochote, maana kuubadilisha baadaye hulazimu kuhamisha kila kitu kwanza. Upo upenyo mmoja tu kwa watumiaji wa Windows: amri iitwayo convert huigeuza diski ya FAT32 kuwa NTFS bila kufuta vilivyomo. Haina njia ya kurudi nyuma, wala haiipeleki diski kwenye exFAT, na hata inapotumika ni vyema kuwa na nakala kwanza.

Diski itachomekwa wapi?

Watu wengi huanza kwa kuuliza mfumo upi ulio bora. Swali lenye faida zaidi ni hili: diski hii itachomekwa kwenye vifaa gani?

FAT32 ilitoka mwaka 1996, na ukoo wake wa FAT ulianza mwaka 1977. Umri huo ndio nguvu yake, kwa kuwa karibu kila kifaa chenye tundu la USB kinaisoma: kompyuta za aina zote, redio za magari, televisheni, mashine za kunakili. Kwa anayebeba barua, picha na nyimbo inatosha kabisa, na hakuna sababu ya kumshauri aiache. Mapungufu yake ni matatu. La kwanza ni ukomo wa GB 4 uliokwisha elezwa. La pili ni kwamba haihifadhi habari za mmiliki wa faili wala nani anaruhusiwa kuisoma, hivyo kila aishikaye flashi huona kila kitu. La tatu linahusu umeme, nalo litaelezwa mbele.

Mfumo wa exFAT uliletwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2006 ili kuondoa ukomo huo wa ukubwa. Kadi za kumbukumbu za SD zenye uwezo unaozidi GB 32 hadi TB 2 huandaliwa kwa mfumo huu kwa mujibu wa kanuni za aina hiyo ya kadi, na ndiyo maana kamera mpya hazisumbuki na video ndefu. Mwaka 2019 Microsoft iliweka hadharani maelezo ya kiufundi ya exFAT, na tangu hapo Linux imeuingiza katika kiini chake. Windows na kompyuta za Mac husoma na kuandika juu yake bila programu ya ziada. Kwa flashi au diski ya nje itakayozunguka kati ya kompyuta za aina mbalimbali ikibeba faili kubwa, huu ndio unaoshauriwa. Tahadhari iliyopo ni kwamba televisheni au mashine ya kunakili ya zamani inaweza kuikataa, na ni heri kujaribu mapema kuliko kugundua wageni wakiwa wamekwisha keti.

NTFS ni mfumo wa Windows wenyewe tangu mwaka 1993, nao unafaa kwa diski ya ndani ya kompyuta inayotumia Windows, au diski ya nje isiyotoka katika mazingira hayo. Kompyuta ya Mac huisoma NTFS lakini haiandiki juu yake bila programu ya ziada. Linux ilipata uwezo kamili wa kuiandikia ndani ya kiini chake katika toleo la 5.15 la mwaka 2021. Wenye kompyuta moja iliyowekwa Windows na Linux kwa pamoja hukutana na kikwazo kisichotarajiwa: Windows ikizimwa huku kipengele chake cha kuwaka haraka kikiwa kimewashwa, kwa kweli haijafunga rejista yake, na Linux ikiikuta katika hali hiyo huiruhusu diski kusomwa tu. Kipengele hicho kikizimwa katika mipangilio ya umeme ya Windows, tatizo huisha.

Kwa upande wa Mac, APFS ya mwaka 2017 ibaki kwenye diski za Mac, kwa kuwa Windows haiisomi bila programu ya ziada.

Aidha, majina ya faili yana sheria zake, na sheria hizo hutofautiana. Katika Linux, "Taarifa" na "taarifa" ni faili mbili; katika Windows, kwa kawaida, ni moja. Windows hairuhusu nukta pacha wala alama ya kuuliza ndani ya jina, wakati Linux inaziruhusu. Ofisi yenye seva ya Linux na kompyuta za Windows ikubaliane tangu mwanzo kutumia herufi, tarakimu na vistari pekee, la sivyo siku ya kunakili baadhi ya faili zitakataa kuhama na hakuna atakayekumbuka sababu.

Umeme unapokatika

Kuhifadhi faili moja ni kitendo kimoja machoni pa mtumiaji, lakini ndani ya diski ni hatua kadhaa: kutafuta visanduku vitupu, kuandika yaliyomo, kuandika katika rejista kwamba visanduku hivyo sasa vina mwenyewe, na kubadilisha ukubwa na tarehe. Umeme ukikatika katikati, rejista inaweza kusema jambo moja na rafu kuonyesha jingine. Visanduku hubaki bila mwenyewe, au kibaya zaidi, faili mbili hudai kisanduku kimoja.

Mifumo ya NTFS, ext4 na XFS hukabili hatari hii kwa kuweka daftari dogo la kumbukumbu. Kabla ya kugusa rejista kuu, mfumo huandika kwanza katika daftari hilo mabadiliko unayokusudia kufanya. Umeme ukirudi, hulisoma, hukamilisha yaliyokuwa yameandikwa kikamilifu na kuyaacha yasiyokamilika, na kwa kawaida kazi hiyo huchukua sekunde chache hata kwa diski kubwa. APFS, Btrfs na ZFS hutumia njia nyingine yenye lengo lilelile: haziandiki juu ya kilichopo, bali huandika kipya mahali pengine na kuihamisha anwani mwishoni. FAT32 na exFAT hazina kinga ya namna hiyo. Hilo ndilo pungufu la tatu lililotajwa, na ndiyo sababu diski ya mifumo hiyo miwili haifai kuwa mahali pa kudumu pa kazi ya kila siku, hasa katika maeneo ambayo umeme si wa uhakika.

Hapa pana kosa la uelewa linalowagharimu wengi. Daftari la kumbukumbu, kwa mpangilio wa kawaida, huilinda rejista tu. Halilindi maandishi yaliyomo ndani ya kila faili. Baada ya umeme kurudi diski itakuwa salama, lakini waraka uliokuwa ukihifadhiwa dakika ileile unaweza kupatikana ukiwa wa zamani, umekatika au mtupu. Mhasibu aliyeshinda akijaza jedwali bila kulihifadhi hatarudishiwa kazi yake na mfumo wowote wa faili. Kifaa cha akiba ya umeme, maarufu kama UPS, ambacho huipa kompyuta dakika chache za kuzimwa kwa utaratibu, kinafanya katika eneo hili kazi kubwa kuliko uchaguzi wa mfumo.

Kuchomoa flashi ghafla ni sawa na kukata umeme. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, kompyuta kwa mpangilio wa awali huziandikia flashi papo kwa papo badala ya kuahirisha, na hatari imepungua. Bado haijaondoka kwa anayechomoa wakati uandishi unaendelea. Aidha, ujumbe unaojitokeza ukisema kwamba diski ina hitilafu na inafaa kukaguliwa usipuuzwe kwa miezi. Hata hivyo, kama ndani mna kitu ambacho hakipo kwingine, kinakiliwe kwanza, ndipo ukaguzi ufuate, kwa sababu zana za ukarabati kama chkdsk na fsck hujali rejista ikae sawa na zinaweza kuikata faili ili kufikia lengo hilo. Katika Linux, fsck isitumike kamwe kurekebisha diski ambayo wakati huo imeunganishwa na inatumika.

Seva ya ofisi

Kwa seva za Linux, ext4 imekuwa chaguo la kawaida tangu ilipotangazwa kuwa imara mwaka 2008. Inajulikana, zana zake ni nyingi, na fundi atakayeitwa usiku ana uwezekano mkubwa wa kuifahamu. Sifa hii ya mwisho haiandikwi katika majedwali ya ulinganisho, nayo ni nzito. XFS, iliyozaliwa katika kampuni ya Silicon Graphics miaka ya 1990, hufanya vizuri kwenye diski kubwa zenye faili kubwa, na tangu mwaka 2014 ni chaguo la awali la Red Hat Enterprise Linux kuanzia toleo la 7. Tofauti ya kukumbuka ni kwamba sehemu ya ext4 inaweza kupanuliwa na pia kupunguzwa, ilhali ya XFS hupanuliwa tu. Aliyeipa folda za watumishi nafasi kubwa mno kwa XFS hawezi kuirudisha bila kuhamisha kila kitu.

Btrfs na ZFS huongeza jambo ambalo ext4 haina: kwa kila kipande cha data huhifadhi namba ya uthibitisho, na kila kinaposomwa hulinganisha. Diski ikiharibika kimyakimya na kubadilisha herufi ndani ya waraka wa miaka mitano iliyopita, mifumo hii hutambua, na kama ipo nakala katika diski pacha, hurekebisha. Vilevile huweza kupiga taswira ya hali ya folda zote kwa sekunde, hivyo faili iliyofutwa kwa bahati mbaya asubuhi hupatikana mchana. Kwa hifadhi ya nyaraka za muda mrefu faida hizi ni za kweli. Gharama yake ni maarifa: ZFS hupenda kumbukumbu nyingi ya kompyuta na, kwa sababu za leseni, haimo ndani ya kiini cha Linux, na mpangilio wa RAID 5 na 6 wa Btrfs haushauriwi kwa kazi muhimu. Taasisi isiyo na mtu wa kuisimamia mifumo hii itaishi kwa amani zaidi na ext4 na nakala nzuri.

Kuna mambo mawili ya ext4 yanayofaa kuamuliwa siku ya kuandaa. Mfumo huu huweka mapema idadi ya juu ya faili utakazoweza kuhifadhi, na idadi hiyo haibadilishwi baadaye kwa nafasi ileile. Kwa mpangilio wa kawaida, nafasi moja ya faili hutengwa kwa kila KB 16, hivyo diski ya TB 1 hupata nafasi takribani milioni 61, ambazo hutosha ofisi nyingi. Lakini kuna mipangilio iliyokusudiwa kwa faili kubwa, ambapo nafasi moja hutengwa kwa kila MB 4, na diski ileile hubaki na nafasi takribani 238,000. Seva ya barua zilizoskaniwa ikiandaliwa hivyo, siku moja itatangaza kwamba diski imejaa wakati sehemu kubwa ni tupu. Amri ya df yenye alama ya -i huonyesha hesabu hiyo.

Jambo la pili ni asilimia 5 ya nafasi inayotengwa kwa msimamizi mkuu wa mfumo. Kwenye diski inayoendesha kompyuta akiba hiyo ni ya busara. Kwenye diski ya TB 4 yenye nyaraka tu, ni GB 200 zilizokaa bure, na inaweza kupunguzwa hadi asilimia 1 wakati wowote kwa amri ya tune2fs.

Siku ya kuandaa

Kabla ya kufomati flashi iliyonunuliwa kwa bei ya kushangaza, ipimwe. Sokoni zimo flashi bandia zinazojitangaza kuwa na GB 512 huku ndani zikiwa na sehemu ndogo tu ya hizo. Hupokea faili zote bila kulalamika, na zinazozidi uwezo halisi hupotea. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac huijaza flashi yote kisha huisoma upya, na udanganyifu hufichuka. Kwa upande mwingine, diski ya TB 1 inayoonekana ndani ya Windows kama GB 931 haina udanganyifu wowote. Mtengenezaji amehesabu kwa maelfu, na Windows inahesabu kwa 1,024.

Diski yoyote inayozidi TB 2 igawanywe kwa jedwali la aina ya GPT. Jedwali la zamani la MBR, kwa diski za kawaida, haliwezi kuhesabu zaidi ya hapo, na mnunuzi wa diski ya TB 4 hujikuta akitumia nusu. Zana za kisasa hupendekeza GPT zenyewe, isipokuwa kwenye kompyuta za zamani sana.

Katika seva ya Linux, diski itambulishwe kwa namba yake ya kudumu, UUID, badala ya jina kama sdb, kwa kuwa majina hayo huweza kubadilishana diski ya pili ikiongezwa. Diski isiyo ya lazima kwa kuwaka iongezewe neno nofail katika faili ya fstab. Bila neno hilo, diski ya nje iliyochomolewa na mfagizi inaweza kuizuia seva nzima kuwaka asubuhi ya Jumatatu. Kisha, kabla ya kuweka data halisi, seva izimwe na kuwashwa mara moja mbele ya macho ya anayeipokea.

Taarifa za watu

Kufuta faili ni kufuta mstari katika rejista. Yaliyomo hubaki rafuni hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na kufomati kwa haraka hakutofautiani sana na hapo. Kompyuta ya zahanati au ya shule inayouzwa kwa mnada baada ya kufomatiwa hivyo huondoka na majina, namba za simu na pengine magonjwa ya watu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 yenye matakwa ya namna hiyo.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kuificha diski kwa nywila siku inapoandaliwa, kwa BitLocker katika Windows au LUKS katika Linux. Diski iliyofichwa ikiibiwa, mwizi anapata chuma tu. Na siku ya kuiuza, kuiharibu funguo kunatosha. Jambo hili lina uzito zaidi kwa diski za SSD na flashi, ambazo huhamisha data zenyewe kwa ndani, kiasi kwamba kuandika juu ya faili ya zamani hakuhakikishi kwamba imefutika. Ufunguo wa dharura uandikwe na kuhifadhiwa mahali pawili tofauti, mojawapo kwenye kasiki ya ofisi, kwa sababu mtumishi aliyehama au kufariki na nywila kichwani ameondoka na diski yote.

Hakuna mfumo wa faili, wala diski pacha za RAID, vinavyochukua nafasi ya nakala rudufu. Agizo la kufuta hutekelezwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, na moto haubagui. Nakala moja angalau ikae nje ya jengo, ndani ya diski isiyochomekwa daima, na kila baada ya miezi kadhaa faili chache zichukuliwe humo na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na mtu ambaye hakuziandaa.